Mume Wangu Anaiamini Mistari ya Kwenye Simu Kama Matimba

Shikamoo Shangazi Scolastika. Mimi ni msomaji wako wa hapa Geita, leo nimekushika miguu, nisaidie kabla sijamjibu mume wangu, maana ananisubiri na mimi kila siku namwambia subiri kidogo, nafikiria.

Mume wangu, Baba Limi, alikuwa mchimbaji mdogo tangu ujana wake, anashuka duarani, yaani shimo la dhahabu, yeye na mdogo wake Luka, mpaka mwaka juzi wakati wa mvua matimba yakaachia, zile nguzo za miti zinazoshikilia kuta za duara, kifusi kikamfunika Luka na Baba Limi akatolewa mzima, na tulipoanua matanga nilimshika mkono nikamwomba asishuke tena, tutakula hata majani, naye akaniahidi. Tukawa tunalima mpunga kwenye shamba aliloniachia mama yangu kule Masumbwe, halafu rafiki yake mmoja akamfundisha kutredi, yaani kununua na kuuza dhahabu kwenye simu bila kuishika, ananunua leo, anakaa nayo siku kadhaa au hata wiki mbili, bei ikipanda anauza.

Sasa Shangazi, kwenye chati yake kuna mistari mitatu, wa kati, wa juu na wa chini, na bei inacheza humo katikati. Siku ya kwanza kuiona alicheka, akaniambia, "Mama Limi, njoo uone, duara hili lina matimba pande zote!" Basi kwake mstari wa juu na wa chini ndiyo matimba, bei ikigusa wa chini ananunua, anasema haiwezi kupita hapo, itarudi, na kweli mwanzoni ilikuwa inarudi, tukaezeka mabati. Lakini safari hii bei iligusa mstari wa chini, akanunua, haikurudi, ikaendelea kushuka huku imeulalia mstari uleule, akaongeza, ikashuka, akaongeza tena, na nikimuuliza ananijibu, "Imefika kwenye matimba, tulia." Wiki iliyopita alinikalisha akaniomba tuuze shamba la Masumbwe ili aongeze kwa mara ya mwisho.

Ameniomba kwa upole, huyu mtu hajawahi kunifokea tangu anioe. Ila simu imemharibu. Jirani yetu Mwigulu alipofiwa na mkewe, wanaume wote wa mtaa walikwenda kuchimba kaburi, Baba Limi akabaki nyumbani na simu yake, watu wakamsema vibaya mno, ikabidi nisingizie ana homa.

Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Mimi nikimwona na hiyo simu moyo wangu unatulia, hata akiwa anapoteza, kwa sababu najua yuko juu, hayuko chini. Nikikataa kuuza shamba biashara itamfia, na wenzake wa duarani hawaachi kumwita, naogopa atakwenda. Nikikubali, tutalima wapi na Limi atakula nini? Nampenda sana Shangazi. Nifanyeje?

Mama Limi, Geita

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole, mayu, na pole ya Luka pia.

Tuanze na shamba. Haliuzwi. Hata akikuomba amepiga magoti, hata akikuletea kitenge kipya, shamba la mama yako haliuzwi, na usimwambie tena "nafikiria" wakati jibu unalo. Kumwacha mtu akisubiri jibu ambalo haliji ni kumtesa.

Sasa hayo matimba yenu. Wifi yangu Nelly wa Kahama anaitumia mistari hiyo kwenye biashara yake, na nilimpigia simu nisije nikakudanganya. Mstari wa kati ni wastani wa bei za siku zilizopita. Wa juu na wa chini hukaa mbali au karibu kwa kadiri bei inavyorukaruka. Bei ikitulia mistari inasogeleana, ikichachamaa inaachana. Maana yake ni kwamba bei yenyewe ndiyo inayoichora. Bei ikiporomoka, mstari wa chini unaporomoka nayo. Jamani, ni matimba gani hayo yanayokimbia pamoja na kifusi? Kosa hili angelifanya mchimbaji tu, maana yeye akiona kuta mbili anatafuta cha kuzishikilia. Nelly anasema bei ikigusa mstari wa chini inakuambia imeshuka kuliko kawaida yake, basi, haikuahidi kurudi. Yeye husubiri bei irudi kwanza ndani ya mistari na ule wa kati uache kuteremka, na kabla hajanunua huwa ameshaamua ikifika wapi atatoka na hasara yake ndogo. Na bado hukosea. Ila kuongeza juu ya kinachopotea, hilo alilikataa kabisa.

Na wewe nawe, Mama Limi! Mume anadidimia mbele ya macho yako, wewe umetulia kwa sababu ana simu mkononi? Lakini siwezi kukugombeza sana hapo. Mtu akishatolewa kwenye kifusi, kumwona tu ameketi mlangoni ni furaha, hata mimi ningefurahi.

Ninachokugombeza ni hili la kaburi. Unasema simu ilimzuia. Simu inatiwa mfukoni, mama. Mwanaume wa kwetu akikosa kwenda kuchimba kaburi la jirani anajua atakavyosemwa, na mumeo alijua, akaona heri asemwe. Huyo hawezi kuingia shimoni, hata la kina cha kifua. Wewe unalala na hofu kwamba atarudi duarani, na yeye anaogopa kuliko wewe, ila ni baba wa nyumba, amwambie nani? Anaona simu ikimshinda hana pa kwenda ila kule, ndiyo maana anaongeza, anaongeza.

Kwa hiyo fanya hivi. Limi aende kwa bibi yake, mbaki wawili. Oda zote azifunge, yaani auze yote aliyonunua, kilichopotea kimepotea, na mvua zikianza mwende wote Masumbwe mkalime. Akitaka kutredi tena huko mbele, aanze na akaunti ya mazoezi isiyo na hela ya mtu, na Nelly yuko tayari kumwelekeza. Wale wenzake wakija kumwita, uwajibu wewe mlangoni, yeye asitoke. Kama mna katekista au mganga wa kituo cha afya anayejua kusikiliza, mpeleke akaongee naye, usione aibu, na usimpeleke kwa marafiki wa kumpa pombe.

Lakini hayo ya oda na shamba yaje baadaye. Kwanza kaa karibu yake umwambie, "Baba Limi, hata simu ikishindwa, duarani huendi. Tutalima." Kisha unyamaze. Akianza kulia usimnyamazishe, mwanangu. Nadhani bado hajamlilia mdogo wake.