Ongeri, Uliyeukataa Mrija Wetu

Ni mwaka mmoja sasa, Ongeri, tangu daraja la magogo lilipokatika ukivuka na sindano za wagonjwa wa ng'ambo, mto ukakuchukua wewe na baiskeli. Watu wa Nyamarambe wanasema magogo yalikuwa yameoza. Mimi kaka yako, Ratemo, nimeyakagua mara tatu. Yameoza kweli, lakini bado nawatazama wanaosema hivyo.

Ulipokuwa dresa wa kufunga vidonda tu, hatukuwa na shaka nawe. Ulikuwa mpole. Hata mbuzi wa jirani alipovunjika mguu ulimfunga, huku ukimwambia pole. Kisha mwaka 1954 serikali ikakupeleka Nairobi miezi sita kusomea ugonjwa mmoja tu, kifua kikuu. Ukarudi mtu mwingine.

Uliketi nasi kwenye chungu cha pombe ya wimbi, ukaukataa mrija uliopita midomoni mwetu. Ukatoa wako mfukoni, umefungwa kwa kitambaa. Kwetu, asiyenywa na nduguze ama anaogopa sumu, ama mwenye sumu ni yeye. Nikajiuliza wewe ni yupi.

Halafu ukaja na mkebe wenye kifuniko.

"Mama anakohoa," ukasema. "Nataka makohozi yake ya asubuhi, niyatazame kwa darubini."

Mate ya mama yetu, yabebwe mkebeni! Hata mtoto anajua mrogi hutafuta nini. Alfajiri nilitema yangu, nikakupa nikisema ni ya Mama. Kama ni uchawi, niliwaza, unipate mimi, yeye umwache.

Siku ya tatu ulirudi mbio. "Mama ana kifua kikuu. Alale peke yake, na kikombe chake kiwe chake."

Nikacheka mbele ya watu wote. "Umenaswa! Yale yalikuwa yangu, si ya Mama!"

Hukukasirika. Uliketi chini, ukanitazama. "Momura ominto," ukaniita, ndugu yangu, "basi ni wewe."

Hata hapo nilidhani unalipiza. Nilidai sindano ya dawa uichome ndizi kwanza, nione kama itageuka rangi. Ukaichoma. Ulikuja kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, ukachoma ndizi, kisha ukanichoma mimi. Mama, ulipompima kweli, alikuwa na kikohozi cha moshi wa jikoni tu. Mimi nikapona. Hukunisimanga kamwe, ila siku moja ulimwambia mkeo Kemuma kwamba hujawahi kuwa na mgonjwa mtulivu kama ile ndizi.

Sikukuomba msamaha. Nilidhani siku bado zipo. Inaniuma, ndugu yangu, inaniuma sana.

Wiki hii amekuja dresa mpya, amesomea hukohuko ulikosomea. Ana mikebe kama yako. Simwamini hata kidogo. Simjui baba yake, na anatabasamu mno. Lakini nimetema mwenyewe, nikamshika Mama mkono naye akatema, kisha nikasimama njiani hadi jirani wa mwisho akatema.

Tunaokukumbuka ni mama yako Mong'ina, mkeo Kemuma, wanao Drusilla na Obadiah, na mimi Ratemo, ninayepumua kwa sababu yako. Mrija wako uko darini, ndani ya kitambaa chake. Hakuna atakayeugusa, nawe hatutakusahau kamwe.