Mikono ya Kulwa na Doto

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Ilemela hatujambo. Shangazi yako amejifungua salama. Umeniuliza kama utaurithi ugonjwa wangu wa Parkinson.

Miaka ile viwanda vya sangara vilipofunguliwa, baba yangu Kulwa alianza kutetemeka kwa ugonjwa huohuo. Tulivuka ziwa hadi hospitali ya Sengerema pamoja na Doto, pacha wake wa kufanana. Daktari alisema kitu kama kutu hula chembe za ubongo, na wengine huzaliwa na kinga hafifu.

“Basi na mimi nitaugua,” Doto alisema.

“Huenda usiugue kabisa, mzee. Kurithi ni sehemu tu ya sababu.”

Doto akaushika mkono wa baba. Damu moja, mkono mmoja ukitetemeka, mwingine umetulia kabisa. Daktari mwenyewe alisogea, akaitazama.

Doto alivua samaki mpaka uzeeni, wala hakuugua kamwe. Kwa hiyo, Neema, usiuhesabu ugonjwa wangu kuwa wako.

Bibi yako