Vifuko Vyekundu

Jumatatu, 3 Juni
Seli za moyo zinadunda vizuri kwenye sahani zao. Mimi ndiye niliyechoka. Profesa kaja maabara, kachungulia hadubini yangu kidogo tu, kaanza kupiga makofi. Seli zilizopewa ile poda ya madukani, inayosifiwa kusafisha moyo, zimejaa vifuko vyekundu — vile ambavyo seli hufungia mitokondria, vinu vyake vya nishati, zilizochakaa ili ikazivunjevunje. Vifuko vingi, usafi mwingi, kasema. Nikamkumbusha kwamba hatujafanya kipimo cha kuziba, cha kuona kama vifuko vinavunjwa kweli. Akasema nisimharibie siku. Haya.

Jumanne, 4 Juni
Nafika nyumbani, namkuta Mama na kopo la poda. Ileile! Kaletewa na shangazi, eti imejaa duka la dawa. Na vidonge vyake vya moyo? Kaviweka kabatini vipumzike. Vipumzike! Daktari alimwambia asiruke hata siku moja. Nimeongea mpaka koo limekauka. Kanisikiliza kwa upole wote, kisha akasema:
"Si wewe mwenyewe unaipima huko kazini? Ingekuwa mbaya, ungehangaika nayo muda wote huu?"
Nikamwambia bado sijui inafanya nini. Nimevirudisha vidonge mezani. Yeye kavirudisha kabatini. Ana kichwa kigumu, nami nimekirithi chote. Tumekula tumenuniana.

Alhamisi, 6 Juni
Lori la taka halijapita tena. Nimeruka mifuko getini kama mwanariadha. Laiti Profesa angepita hapa! Angesema huu ndio mtaa msafi kuliko yote, tazama mifuko ilivyo mingi. Ndicho ninachomweleza kila siku: mifuko ikiwa mingi, huenda watu wanafagia sana, au lori haliji. Kwa kuhesabu tu huwezi kujua. Lizuie lori makusudi — kwenye seli tuna dawa ya kufanya hivyo. Mifuko ikiongezeka, basi lori lilikuwa linapita. Isipoongezeka, lilikuwa limekwama tangu mwanzo.
Nimemwandikia ujumbe. Kajibu kwa dole gumba. Nimelichukua kama ruhusa.

Ijumaa, 7 Juni
Nimetia dawa ya kuziba. Nasubiri.
Miguu ya Mama siipendi. Imevimba, na moyo ukishindwa kazi ndivyo huanza. Anasema viatu ndivyo vinavyobana. Viatu vyenyewe anavivaa tangu nikiwa chuo! Vidonge bado viko kabatini. Naogopa, na hofu yangu yote inatoka kama hasira.

Jumamosi, 8 Juni
Matokeo. Seli za kawaida, zilipozibwa, zikafurika vifuko. Sawasawa. Seli za poda: kabla ya kuziba na baada ya kuziba, vilevile. Nikahesabu upya. Vilevile! Poda haisafishi chochote. Imekwamisha lori, na mitokondria mbovu zimebaki humo humo zikichafua seli. Najua, hizi ni sahani, si mtu. Lakini mtu ninaye nyumbani.
Nikampigia Profesa. Kasema nirudie jaribio lote, na kabla ya hapo asiambiwe mtu.
"Hata nyumbani?"
"Hasa nyumbani."
Nikakata simu. Sijawahi kumkatia simu.
Nikampigia Mama. Kapokea huku anahema. Leo viatu vimekataa kabisa, kavaa ndala, kwa hiyo kaamua kuongeza kijiko cha pili cha poda. Nikamwambia aimwage, nimeipima, haifai, nakuja tumkimbilie daktari.
"Juzi ulisema hujui," akasema. "Leo unajua. Kesho utaniambia nini?"
Nikamwomba asikate simu. Sasa niko kwenye teksi, foleni haisogei, dereva anapiga honi kana kwamba itasaidia. Nimeweka simu kwenye spika, mapajani, naandika ili nisimfokee dereva. Mama bado yupo hewani. Namsikia anahema, na kijiko kinagonga kikombe, taratibu, anakoroga poda.