Elmina Chepkurui, Jibu Lililokuwa Lako

Waliokuwepo nyumbani kwako Jumamosi, tarehe 16 Agosti 1997, ni hawa: mumeo, Mwalimu Alexander Kipngetich, binti yako wa pekee, Nelvine, mama yako mzazi, Rebeccah, ambaye sote humwita Kogo, yaani bibi, aliyesafiri kutoka Siongiroi, shemeji yako Kipkurui, mwenyekiti wa kamati ya shule anakofundisha mumeo, na Bwana Kiarie, mwalimu mkuu wa shule hiyo. Mchungaji aliomba radhi, kwa kuwa alikuwa na mazishi Sotik.

Mwaka umekamilika, Elmina, tangu ulipotuacha asubuhi ile, majani ya chai yakiwa bado na umande na ndoo ya maziwa ikikungoja mlangoni.

Tunakumbuka ulivyochuma: majani mawili na chipukizi, si zaidi. Tunakumbuka foleni ya kituo cha kuuzia chai, ulivyokuwa ukikaa chini na kuchambua kikapu cha mjane jirani ili majani yake yasikataliwe. Karani Mokaya alipoyakataa hata hivyo, ulimwambia mbele ya watu, "Karani, ukikataa haya, jioni utakunywa nini?" Mokaya alicheka mpaka akayapima.

Tunakumbuka pia kwamba hukupenda kuambiwa jambo nusu. Mtu akianza kusema kisha akanyamaza, ulivuta kigoda ukakaa, ukamngoja amalize.

Kwa sababu hiyo tunakuandikia yote, na Kipkurui amekubali jina lake litajwe.

Unakumbuka Oktoba ya mwaka 1995, madaktari walipokuja uwanja wa kanisa kuwapima akina mama matiti. Walikuta uvimbe, wakachukua kipande kidogo kikapimwe Nairobi. Fomu aliijaza mumeo, kwa mwandiko ule wake wa ubaoni. Palipoulizwa majibu yapelekwe kwa nani, aliandika jina lake, na chini yake, "kupitia kwa Mwalimu Mkuu". Ndivyo alivyofundishwa chuoni, kwamba barua ya mwalimu haifiki kwa mwalimu kabla ya kupita ofisini.

"Na mimi nimeandikwa wapi?" ulimuuliza.

Akakuonyesha jina lako juu, kwenye nafasi ya mgonjwa.

"Kumbe mimi ni mgonjwa tu," ukasema, "wewe ndio sanduku la posta."

Jibu halikuja. Novemba mumeo alikwenda Nairobi kusahihisha insha za darasa la nane, akarudi, nawe ukamuuliza. Januari ukamuuliza tena. Alikujibu kwamba ofisi za serikali zina utaratibu wake. Mwezi wa Machi ulichoka na utaratibu, ukaenda hospitalini peke yako. Muuguzi akafungua daftari, akakutazama kwa mshangao. "Mama, wewe si uliandikiwa Novemba? Ulikuwa wapi miezi yote hii?"

Ulirudi nyumbani, ukaweka kikapu chini, ukauliza neno moja. "Mwalimu, ulijua?"

Alisema hakujua. Ulimtazama jinsi ulivyozoea kutazama jani gumu kabla ya kulitupa, kisha ukasema, "Sawa," ukaenda kukama. Uliishi miezi mitano baada ya hapo, na hukuuliza tena. Mumeo hajui hadi leo kama ulimwamini.

Elmina, tangu siku hiyo nyumba hii ilijaa shaka. Mumeo aliishuku hospitali kwanza. Aliandika barua tatu, akajibiwa kwamba majibu yalitumwa kwa anwani iliyotolewa, na baada ya hapo kazi yao ilikwisha. Alimwendea wakili mmoja mjini Kericho. Wakili alimsikiliza kwa heshima, kisha akamwambia, "Mwalimu, nitafutie sheria inayosema lazima mgonjwa aambiwe yeye mwenyewe, nami nitasimama kortini kesho. Mimi sijaiona."

Ndipo akamgeukia Bwana Kiarie moyoni. Barua zote hupita mkononi mwake. Tena kwao ni Nyeri, na tangu zile ghasia za kikabila za mwaka wa tisini na mbili, kumshuku mtu ambaye kwao ni mbali imekuwa kazi rahisi mno. Daftari la barua zinazoingia lilikuwa kwenye rafu ya ofisi, hatua chache kutoka darasa la saba alilofundisha, na mumeo hakuwahi kuliomba. Aliona kwamba kuliomba ni kushtaki. Badala yake alipunguza salamu. Alimshuku hata Kogo, kwa sababu aliwahi kusema kwamba ugonjwa kama ule hautajwi mbele ya mwenyewe.

Siku ya kumbukumbu alichagua kiti cha karibu na mlango, mahali ambapo angeweza kuona uso wa kila mtu. Aliona nani aliitazama picha yako na nani aliikwepa. Kipkurui aliikwepa. Mumeo akajiambia kuwa ni jua la dirishani.

Baada ya sala na chai, Bwana Kiarie alifungua mfuko wa karatasi akatoa daftari lile.

"Mwalimu," alisema, "mwaka mzima unanisalimia kama mtu anayelipa kodi. Mimi si mtoto. Soma."

Mumeo alisoma. Tarehe 22 Novemba 1995, barua moja kutoka hospitalini. Mbele yake, mahali pa kuonyesha nani aliichukua, palikuwa na sahihi ya Kipkurui.

"Mimi niliifungua kwa sababu ilikuja kwa jina la ofisi," Bwana Kiarie aliendelea. "Nikasoma, nikashtuka. Wewe ulikuwa Nairobi. Nikaita ndugu yako mkubwa. Kwenu habari nzito hupewa mkubwa, ama nilikosea?"

"Na wewe ukaniacha nikikushuku?"

"Niliona unajua. Niliona mmeamua kunyamaza kama familia. Mimi ni nani niingilie?"

Hakuna aliyemtazama Kipkurui, na hilo lilikuwa baya kuliko kutazamwa. Alivua kofia yake.

"Harusi ya Chemutai wangu ilikuwa imebaki wiki tatu," alisema. "Elmina ndiye alikuwa mkubwa wa jikoni. Nikasema, wacha huyu mama apike kwa furaha, nitasema harusi ikiisha. Harusi ikaisha. Nikasema Krismasi. Ikafika Januari, nikaona nikisema sasa wataniuliza nilikuwa wapi. Hiyo barua nilikuwa natembea nayo kwa koti."

"Ulikula chakula yake ukiwa na hiyo barua kwa mfuko?" Kogo aliuliza.

"Nilikula, mama."

"Ilikuwa tamu?"



Mumeo alisimama, na sote tulidhani angempiga nduguye. Lakini Nelvine alitangulia kusema, kwa sauti ya chini. "Baba, kabla ya Baba Mkubwa na kabla ya Mwalimu Mkuu. Hiyo fomu nani aliandika?"

Mumeo aliketi. Anataka ujue, Elmina, kwamba alikuambia kweli, hakujua. Anataka ujue pia kwamba njia ambayo jibu lako lilipotelea aliichora yeye, kwa wino mweusi, akijisifu kuwa ameijaza fomu bila kosa.

Hapo Bwana Kiarie akatoa kitu cha pili mfukoni. Nelvine alikuwa amepimwa mwezi wa Julai, kwa sababu yako, na kwa kuwa nyumba hii haina sanduku lingine la posta, jibu lake pia lilikuja shuleni. Bahasha ilikuwa na jina la baba yake. Safari hii haikuwa imefunguliwa. Bwana Kiarie aliiweka mezani, kati ya vikombe, akaondoa mkono.

"Mwalimu afungue," Kipkurui alisema. "Mtoto akishtuka hapa, tutasema nini?"

"Mtoto ana miaka ishirini na nne," Kogo alisema. "Wewe ulishtuka, na ni nani alikufa?"

Mumeo aliichukua ile bahasha. Tunakiri kwamba aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Tunakiri kwamba kidole chake kilifika kwenye gundi. Aliogopa, Elmina. Alitaka ajue yeye kwanza ili apange maneno, na wakati huohuo alimtazama Kipkurui, akaona kwamba naye alikuwa ametaka kupanga maneno tu.

Tunaokukumbuka ni mumeo Kipngetich, binti yako Nelvine, mama yako Rebeccah, shemeji yako Kipkurui na mkewe, Chemutai na mumewe, na Bwana Kiarie, ambaye kuanzia sasa anahesabiwa nasi. Hatujasameheana yote. Mumeo bado hulala akijiuliza ni nani mwingine aliyejua. Lakini kila jioni, kikapu chako kikiwa tupu ukutani, wewe ndiwe tunayekutaja kwanza, na itakuwa hivyo muda wote tutakaoishi.

Siku ile, bahasha ikiwa bado mkononi, mumeo alisimama tena, akatangaza uamuzi wake mbele ya wote, na tumeuandika hapa ili asipate nafasi ya kuubadilisha. Jumatatu atakwenda hospitalini kuomba fomu iwe na mstari wa mgonjwa kupokea majibu yake kwa mkono wake mwenyewe, na wakikataa, atamwandikia mbunge, na mbunge akinyamaza, ataandika tena, kwa kuwa sheria ambayo haipo lazima mtu aiombe. Na katika nyumba hii, kuanzia siku hiyo, hakuna baba, mume wala mkubwa atakayefungua habari za mwili wa mwingine.

Akampa Nelvine bahasha, ikiwa imefungwa. Nelvine alitoka nayo, akatembea katikati ya mistari ya chai mpaka tukabaki kuona kitambaa chake cha kichwa tu. Alirudi baada ya muda, akaosha vikombe. Barua ilisema nini, hatukumuuliza.