Saruji ya Kisima cha Pili

Kambi ya mafuta, Mafia

Mke wangu Lusia, mama Rebeka,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na mtoto. Kile kikohozi chake kimeisha? Mimi ni mzima, ila saruji imenichubua mikono na joto la huku halina adabu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, hasa pale uliposema baba yako atakuja kukuchukua urudi kwao ikiwa ulezi utavunwa mimi sijafika. Simlaumu, miaka miwili ni mingi. Lakini wewe ni mke wangu, na sikubali kukupoteza kwa sababu ya mifuko ya saruji.

Ngoja nikueleze, maana kosa lilikuwa langu. Huku tukishachimba kisima tunashusha bomba la chuma, kisha tunasukuma uji wa saruji kwa pampu ulizunguke bomba, ukauke, ulishike. Kazi hiyo ikianza haisimami. Mimi ndiye mtunza saruji. Basi nikaipanga chini mchangani, nikaifunika turubai pande zote kama tunavyofunika ulezi huko kijijini kwetu Ruanda mvua ikikaribia. Nikajiona fundi. Kumbe hapa ufukoni unyevu unatoka chini. Siku ya kazi mifuko ikawa na mabonge, mashine ikakwama, uji ukagandia ndani ya bomba. Siku tisa tulichimbua tulichokiziba wenyewe. Mnyapara wetu, Mzee Saidi, mwenyeji wa hapa Mafia, hakunipigia kelele. Alisema tu, "Likizo zote zimefutwa mpaka kisima cha pili kishike. Na wewe Mnyiha, umetupotezea siku tisa."

Niliona aibu. Kesho yake nikaomba magogo, nikajenga ulingo kama sakafu ya kihenge cha baba, juu kiasi cha goti, upepo upite chini. Kila mfuko niliubonyeza kwa mkono, wenye bonge nikauweka kando. Tena nikamwomba Mzee Saidi tujizoeze kwa mifuko ya mchanga: nani abebe, nani akate, nani amimine. Wenzangu wakasema nimekuwa bwana harusi anayejifunza kucheza. Wacheke tu. Mara ya kwanza tuligongana kama ng'ombe mlangoni. Mara ya tano hakuna aliyemngoja mwenzake.

Jumanne tulimimina saruji kisima cha pili, na kazi haikusimama hata kidogo. Nilipoona uji wa kijivu unapanda juu pembeni mwa bomba, nilitokwa na machozi mbele ya watu.

Sasa sikia. Mzungu anayesimamia visima akasema siendi popote, kwa kuwa ninajua saruji. Nikamjibu kupitia kwa Mzee Saidi kwamba Hamisi, mkata mifuko wetu, anajua kila ninachojua, amjaribu. Akamjaribu siku mbili, akanung'unika, akatia sahihi likizo yangu. Barua hii inatangulia na boti ya leo, mimi napanda ya Ijumaa ijayo.

Nisalimie mama, na kaka Yona anayetutunzia kahawa, na shangazi Anyesi wa Tunduma. Baba yako msalimie kwa heshima. Akifika kabla yangu, mpikie, akae, nimkute.

Na wewe usifungashe nguo zako. Kama umeshafungasha, fungua.

Mumeo,
Yohana