Siri ya Kidole Gumba

4 Februari

Kitindamimba wangu,

Hujambo huko ugenini? Kikohozi kimekuacha? Mimi mzima, ila kidole gumba cha kulia ni kile kile, hakikunjiki. Kiwandani hakuna ajuaye, na wewe funga mdomo. Daktari wao akijua ananipumzisha kesho yake, nami nimebakiza miezi minane tu nistaafu.

Sasa sikia vituko: mama yako nimekuwa mcheza sinema! Wameleta kompyuta sita za kufundishia wafanyakazi wapya, na kijana wao amenirekodi nikishona kola. Mikono tu, uso wameuacha, sijui wameuogopa! Basi wasichana wapya hawaletwi tena mezani kwangu. Wanakaa chumbani na vitu masikioni, kimya utadhani wamefiwa. Sisi tulifundishwa na yule bibi wa kola, huku akitusimulia alivyomtoroka mchumba wake wa kwanza. Tulijifunza kola na ndoa kwa mkupuo mmoja. Nimeyakumbuka mno mambo yale.

Mama yako

19 Februari

Shikamoo Mama,

Kikohozi kimekwisha. Barua yako imenichekesha mpaka wenzangu wakauliza kulikoni. Nimekumbuka nilivyokuwa nikitoka shule nakaa chini ya meza yako kuokota nyuzi, huku juu mnacheka, mmoja akinyamaza mwingine anaanza. Nilidhani kazi ndiyo hiyo, kushona na kucheka. Hapa kwetu hakuna anayecheka.

Siri yako ninayo. Vumilia, Mama, uondoke kwa heshima.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima, moyo hapana.

Msema kweli hachukiwi: kompyuta inafundisha. Tulichojifunza miezi miwili, wao siku kumi. Lakini juzi nimepita nyuma yao nikasimama kuwaangalia. Wote wanasukuma kola kwa kidole cha kati, gumba wamelinyanyua juu. Kama mimi! Yule kijana hajawahi kushona hata kifungo, alidhani ndivyo inavyofanywa. Na mtihani unauliza ni kidole gani. Ukijibu gumba, sifuri!

Kidole cha kati kinapita jirani kabisa na sindano. Mimi nimezoea kuikwepa, miaka ishirini na sita si mchezo. Wao watajulia wapi? Jana imemtoboa binti mmoja mpaka kwenye ukucha. Akaomba radhi, eti hakufuata somo vizuri. Maskini, alinifuata mimi.

Nikimwambia msimamizi, lazima nieleze kwa nini nashona hivyo. Nifanyeje?

Mama yako

13 Aprili

Shikamoo Mama,

Pole. Nakuomba usiseme. Kompyuta ni zao na kosa ni lao, watalibaini wenyewe. Maisha yako yote umewafikiria wengine, mara hii jifikirie wewe. Ni miezi sita tu.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi, na samahani kwa kimya. Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaenda kwa msimamizi nikamwekea mkono mezani. Nikamwambia, "Hebu kikunje hiki kidole, baba, kama unaweza." Akajaribu. Akanitazama, akaketi.

Kompyuta zilizimwa wiki nzima, wasichana wote wakaletwa kwangu. Wiki hiyo, mwanangu! Tulishona, tukacheka, wakanieleza habari za wachumba wao mpaka nikaziba masikio. Somo jipya limerekodiwa kwa mikono ya yule binti, jeraha lilipopona. Anashona vizuri, gumba liko mahali pake.

Kisha daktari wao akakipima kidole, na Ijumaa wakaniaga. Sikufichi, nimelia. Jumatatu nimevaa sare, nimefika mlangoni ndipo nikakumbuka sina pa kwenda. Usinikasirikie.

Mama yako

8 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Nikukasirikie kwa lipi? Mimi ndiye niliyekosea kukwambia unyamaze, nisamehe.

Nimepata likizo. Nafika Jumamosi asubuhi, na ufunguo ninao, kwa hiyo usiamke kunipokea. Tangu nizaliwe sijawahi kukuona umelala na jua limeshapanda. Nataka nikukute umelala, nikae pembeni ya kitanda nikutazame.

Mwanao