Wa Kwanza Kupanda

Wifi yangu, ameitwa fundi! Ameitwa mbele ya watu, gereji nzima ikisikia, na aliyemwita ni fundi mkuu mwenyewe, yule mzee ambaye kumsifu mtu kwake ni kama kung'olewa jino. Fundi wa breki, wifi. Binti yetu, mwanao huyo huyo uliyesema siku akiitwa fundi utakuja kwetu kwa miguu. Basi anza kutafuta viatu.

Haya, sasa nikusalimie kama mtu mwenye adabu zake. Hujambo wewe? Bwana wako mgongo umemwachia? Na wale wapwa wa mume wangu, bado wanakula kama mchwa? Sisi huku wazima, ila mimi sauti imenikauka. Habari hii nimeisimulia kwa jirani wa kulia, nikaenda kwa wa kushoto, na mwenye duka amenisikia mpaka sasa akiniona tu ananiuliza nataka nini kabla sijafungua mdomo.

Ngoja nikueleze vizuri. Lile gari la kaka yako lilianza kuvuta upande wa kulia. Ukilegeza usukani kidogo, lenyewe linataka kuyavaa magari yanayokuja. Kaka yako akasema barabara imeinama. Nikamuuliza, barabara zote? Halafu likaanza kunuka, harufu kama mpini wa sufuria uliosahauliwa motoni. Siku moja aliporudi nalo, binti yetu alikuwa mlangoni anavua buti za kazi. Akainuka, akachovya vidole kwenye ndoo, akairushia maji rimu ya mbele ya kulia. Tsss! Akairushia ya kushoto, kimya. Akamwambia baba yake kwamba lile gurudumu linafunga breki hata asipokanyaga, na asiliendeshe tena.

Kaka yako, na lile la kwenu la kutokubali kushindwa, akajibu kuwa ni matairi. Akaongeza kwamba breki si kioo cha pembeni, zimebeba roho za watu. Unakumbuka aliapa, tangu mtoto alipoingia gereji, kwamba hatakaa ndani ya gari ambalo binti yake amelitengeneza. Na wewe ukamwitikia. Usikatae, nilikuwepo, nilikuwa namenya viazi.

Gari likaenda gereji vilevile, maana hata akiwa amenuna anajua gereji nzuri ni ile. Fundi mkuu akalizunguka, akamwambia binti yetu kwamba hili ni lake peke yake, kuanzia kutafuta ugonjwa mpaka barabarani. Kaka yako akaanza kupinga, akaulizwa kama amekuja kutengenezewa gari au kuhubiri.

Sasa shika hapa, wifi, maana gereji ile ina sheria yake. Fundi akifanya kazi ya breki peke yake kwa mara ya kwanza, wa kwanza kupanda naye ni mtu wake wa damu, mpaka chini ya mteremko ulio mbele ya gereji na kurudi. Fundi mkuu anasema ukisita kumwita mama yako, kuna kitu hujakaza. Na asiyepata wa kupanda naye anarudi kuosha vifaa vya wenzake. Mtoto wetu ameosha vifaa mpaka kucha zimebadilika rangi. Kazi hii ya breki ndiyo ilikuwa mlango wake wa kutoka huko.

Siku yenyewe nikajifanya napeleka chakula. Nikamkuta amelipandisha gari kwa jeki, anazungusha magurudumu. La kushoto linazunguka kama feni, la kulia zito kama jiwe la kusagia. Akalivua, akanionyesha kalipa, yaani lile dude la chuma linalobana diski ya gurudumu kama koleo. Pistoni yake, iliyo ndani, ilikuwa imeshika kutu, ukiisukuma hairudi. Ndiyo maana ilikuwa inabana muda wote. Ugonjwa ameupata, wifi, bila kuguswa bega na mtu!

Akaenda duka la spea, akarudi na kalipa mpya, akaifunga. Ikabaki kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki, na hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga breki, mwingine anafungua kijiskrubu kule kwenye kalipa upepo utoke. Unajua nani alikanyaga? Mimi! Nilivua kandambili nikapanda. Kanyaga mama, shikilia mama, achia mama. Mguu wangu huu umetengeneza gari.

Lakini breki ikabaki laini, kama nakanyaga mto wa kulalia. Tukarudia, ni vilevile. Kulikuwa na fundi mmoja wanamwita Kasuku, mdomo haupumziki. Akasema inatosha hiyo, itakaza yenyewe barabarani, ampe mwenyewe gari lake aende. Kaka yako yuko langoni amefunga mikono, anatazama. Mtu mwingine angesema ndiyo apate jina. Mwanao akasema, hiyo inakutosha wewe, mimi sijamaliza, mama yangu ndiye atakayepanda humu.

Akachuchumaa mbele ya lile gurudumu, akalichungulia. Mara akajipiga kibao cha paji la uso akaanza kucheka. Kumbe dukani wamempa kalipa ya upande wa kushoto, naye hakuilinganisha na ile ya zamani. Ukiifunga kulia inakaa vizuri tu, ila kile kijiskrubu kinatazama chini, na upepo siku zote unapanda juu, kama povu kwenye chupa ya maji. Tungekanyaga mpaka mwakani! Akasema kwa sauti, kosa ni langu, akaifungua, akaitia kwenye mfuko pamoja na ile mbovu, akarudi dukani.

Fundi mkuu alikuwa kwenye benchi anakunywa chai. Nikamuuliza kama hakuliona kosa lile. Akasema aliliona tangu boksi linafunguliwa. Nikamwambia ana roho ngumu. Akasema kosa lile kila mtu hulifanya, yeye alikuwa anangoja kuona kama mtoto ataliachia gari liondoke nalo.

Mtoto akarudi na kalipa ya kulia, tukakanyaga tena, na safari hii breki ikasimama chini ya mguu wangu kama sakafu. Akafuta mikono, akaniambia, mama, twende.

Sasa wifi, nikuambie jambo, na likiishia kwako nitashukuru. Mtaa mzima nimewaambia kwamba nilipanda. Sikupanda. Nilitazama ule mteremko na magari yanayopita kule chini, nikaogopa. Nikasema nimeacha maharage motoni. Maharage gani? Sufuria nilikuwa nayo mkononi! Kasuku akacheka. Mtoto akainamisha kichwa, akaanza kufuta tena mikono iliyokwisha kuwa safi, na mimi mama yake, niliyekanyaga breki ile kwa mguu wangu, sikuweza kusogea.

Nikasikia mlango wa gari unabamizwa. Kaka yako yuko kiti cha mbele, anavuta mkanda, hamtazami mtu. Akasema wanangoja nini, yeye ana haraka zake.

Wakaushuka mteremko. Nilifumba macho mpaka niliposikia gari linapanda kurudi. Kaka yako akashuka, akainama, akaweka kiganja kwenye rimu ya kulia, akakiacha pale. Akaenda ya kushoto, akafanya vilevile. Akamwambia binti yake, "Yote mawili sawa." Ndipo fundi mkuu akamwita fundi, gereji nzima ikisikia. Jioni akamsogezea kiti mezani karibu na chake. Na tangu hapo ananisikia nikiwasimulia majirani jinsi nilivyopanda, anakunywa maji yake tu.

Jumamosi fundi mkuu anamkabidhi boksi lake mwenyewe la spana, pale pale gerejini. Watu wote wanakuja, hata Kasuku amenunua shati. Ile ahadi yako ya miguu nimekusamehe, maana sura ile na ukaidi ule mtoto kaurithi kwako. Fundi wetu atakuja kukuchukua asubuhi na gari lile lile. Kiti cha mbele usikiguse, ni changu. Lazima nipande kabla jirani wa kulia hajaujua uongo wangu.

Nisalimie bwana wako, na wale wapwa uwabane mashavu kwa niaba yangu. Kaka yako anasema anakusalimu, ingawa amesema kwa kichwa tu.

Ni mimi wifi yako,
Mama Fundi (ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoitwa sasa)

Narudia usije ukasema hukusoma: wote, na watoto, na mgongo wa bwana wako, Jumamosi.